Tunayo FC 25 kwenye PS4: je, FC 26 ina thamani ya laki na themanini?

Swali

Habari za kazi, fundi. Nina vijana wawili, mmoja yuko kidato cha tatu na mwingine darasa la sita. Nyumbani tuna PS4 Slim, na mwaka jana niliwanunulia CD ya FC 25, ile gemu ya mpira. Oktoba hii wameanza wimbo wa FC 26. Wanasema tuliyonayo imepitwa na wakati, Wirtz bado yuko Leverkusen na Trent bado yuko Liverpool. Duka moja la Kariakoo limenitajia laki moja na themanini kwa CD mpya. Mimi nikiangalia naona mpira ni ule ule. Kuna tofauti ya kweli, au nalipia majina? Na nikiamua kununua, nichukue CD au ile ya kupakua? Mzazi, Morogoro.

Jibu

Salama, mzazi mwenzangu. Kwa mashine hiyo na CD hiyo uliyonayo, usinunue FC 26 kwa bei hiyo. Nitakueleza sababu, halafu nitakuonyesha jinsi Wirtz anavyoweza kuhamia Liverpool leo jioni hapo hapo sebuleni bila wewe kutoa hata shilingi.

Gemu hizi za kila mwaka zina sehemu mbili. Ya kwanza ni taarifa: vikosi, jezi, viwango vya wachezaji, timu zilizopanda na zilizoshuka daraja. Ya pili ni injini, yaani programu inayoamua mpira unadundaje, beki anageukaje, kipa anaruka vipi. Taarifa hubadilika kila mwaka kwa sababu mpira wenyewe unabadilika. Injini haibadiliki kwa kasi hiyo. EA, kampuni inayotengeneza gemu hii, iliingia kwenye injini ya Frostbite na FIFA 17, mwaka 2016, na mpaka leo inajenga juu ya msingi huo. Hata jina lilipobadilika kutoka FIFA kuwa FC mwaka 2023, baada ya EA na shirikisho la FIFA kuachana, kilichobadilika sana kilikuwa maandishi kwenye kasha.

Jambo la pili linahusu mashine yenu. PS4 ilitoka mwaka 2013. FC 24 ilipokuja na teknolojia ya HyperMotionV, ambayo huchukua miendo ya wachezaji kutoka mechi halisi zaidi ya 180 na kuiingiza kwenye gemu, iliwekwa kwenye PS5, Xbox Series na kompyuta. PS4 haikupewa. Matangazo unayoyaona, yale ya wachezaji wanaokimbia kama kwenye televisheni, yamerekodiwa kwenye mashine mpya. Mwenye PS4 analipa karibu pesa ile ile na kupata sehemu ndogo ya kinachotangazwa.

Historia ya PS3 inafundisha mengi hapa. FIFA 18 na FIFA 19 za PS3 ziliuzwa kwa jina la Legacy Edition, na EA wenyewe waliandika kwamba uchezaji haukuwa na kitu kipya: jezi mpya, vikosi vipya, basi. Baada ya FIFA 19 hakuna FIFA nyingine iliyotoka kwa PS3. Walifanya hivyo hivyo kwenye Nintendo Switch kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23. Upande wa pili, Konami, washindani wa EA, walitoa gemu yao ya mpira PES 2021 wakaiita sasisho la msimu, wakashusha bei, kwa kuwa ilikuwa PES 2020 yenye vikosi vipya. Nawaheshimu kwa hilo. Mteja alijua anachonunua na akalipa kulingana nacho. FC 26 ya PS4 haina maandishi ya Legacy, na simaanishi kwamba ni nakala tupu ya FC 25. Ila mashine ikishazeeka, maboresho huipungukia mwaka hadi mwaka, na bei haipungui.

Sasa tuangalie vijana wako wanacheza nini, maana jibu langu linasimama au kuanguka hapo.

Kama wanacheza wawili kwa padi mbili, au mmoja anaendesha klabu kwenye Career Mode, FC 25 inawatosha. Anza na vikosi. Unganisha PS4 na intaneti, ingia sehemu ya kurekebisha gemu, pakua vikosi vya karibuni. Faili hilo ni dogo, bando la kawaida la simu linatosha. EA huacha kusasisha vikosi vya toleo la zamani pindi jipya linapokaribia au kutoka, kwa hiyo sehemu ya usajili wa dirisha lililopita hutaikuta. Iliyobaki mnaifanya kwa mkono. Kwenye kuhariri vikosi kuna uwezo wa kumhamisha mchezaji kutoka timu moja kwenda nyingine. Wape vijana kazi hiyo: Wirtz na Isak waende Liverpool, Trent aende Real Madrid, Gyökeres na Eze waende Arsenal, Mbeumo, Cunha na Šeško waende Manchester United, De Bruyne aende Napoli. Leeds, Burnley na Sunderland zilizopanda tayari zimo ndani ya FC 25, kwenye daraja la pili la Uingereza, na kwenye mechi ya kirafiki unaichagua timu yoyote bila kujali daraja. Jioni moja inatosha, na naamini kijana wa darasa la sita ataifurahia kazi hiyo kuliko mechi yenyewe.

Wakianza Career Mode baada ya hapo, wahakikishe wamechagua vikosi walivyovihariri, wasichukue vile vya kwenye CD.

Mkimaliza, hifadhi. Hapa watu wengi wanaumia. Vikosi vilivyosasishwa havikai kwenye CD, vinakaa kwenye data iliyohifadhiwa ndani ya PS4. CD ina vikosi vya siku ilipochapwa. Mtu akifuta data ili kupata nafasi, au diski kuu ikifa, mnarudi mwanzo. Na siku EA wanapozima seva za toleo hilo, kama wanavyofanya kwa matoleo ya zamani, hakuna tena pa kuvipakua. Kwa hiyo chukua flashi, ingia kwenye mipangilio ya PS4, sehemu ya data iliyohifadhiwa, unakili data ya FC 25 kwenye flashi. Itafunguka kwa akaunti ile ile iliyoihifadhi, basi msiibadilishe ovyo wala kuipoteza nywila yake.

Wakitaka Yanga au Simba, hazimo, si FC 25 wala FC 26, kwa hiyo kununua mpya hakutawasaidia. Ila tangu FIFA 22 Career Mode inaruhusu kuunda klabu yako: jina, rangi za jezi, uwanja. Nembo halisi hutaipata. Rangi na majina ya wachezaji yanawezekana.

Kama kijana wa kidato cha tatu anacheza Ultimate Team mtandaoni, mambo yanabadilika, na hapo nakuomba utulie unisikilize vizuri. Ultimate Team ni ule mtindo wa kukusanya wachezaji kama kadi. Kadi zote alizozipata FC 25 haziendi FC 26. Kila Septemba anaanza na kikosi cha wachezaji wa kawaida. Na kwa kuwa umati unahamia toleo jipya, la zamani linabaki na wapinzani wachache. Kwa mchezaji wa aina hiyo toleo jipya lina maana ya kweli, sibishi. Lakini laki na themanini ni kiingilio tu. Kucheza na wengine mtandaoni kwenye PS4 kunadai PlayStation Plus, ambayo hulipiwa kwa mwezi au mwaka. Kisha zinakuja pakiti za wachezaji zinazonunuliwa kwa FC Points, pesa halisi kabisa, huku anayefungua pakiti hajui atatoka nani. Tangu FIFA 19 gemu huonyesha uwezekano wa kupata wachezaji wa viwango vya juu; mwambie kijana akuonyeshe namba hizo kabla hujalipa chochote, usome mwenyewe jinsi zilivyo ndogo. Nchini Ubelgiji tume inayosimamia kamari ilisema mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hii ni kamari kwa sheria yao, na EA wakaacha kuuza pointi hizo huko mwanzoni mwa 2019. Huku kwetu anayesimama mlangoni ni mzazi.

Kwa hiyo, kabla ya gemu yoyote mpya, mfungulie kijana akaunti ya mtoto chini ya akaunti yako. PS4 inakuruhusu kuweka kikomo cha matumizi kwa mwezi, hata sifuri. Na kadi ya mtandaoni ya kwenye simu yako isibaki imehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Nimeshawahudumia wazazi walioleta mashine wakidhani imeibiwa akaunti, kumbe aliyenunua yuko chumbani kwake.

Tuje kwenye CD au kupakua. Kwa Morogoro, na kwa nyumba yenye bando la kuhesabu, CD. Gemu ya namna hii ina makumi ya gigabaiti, na sasisho zake juu. CD mnaiweka, PS4 inanakili gemu kwenye diski kuu, mnacheza padi mbili bila intaneti kabisa. Ikichosha, unaiuza au unabadilishana na jirani. Ya kupakua haiuziki. Kuna sababu nyingine iliyonishtua mwenyewe: mwezi Septemba 2023 EA waliziondoa FIFA za zamani kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekuwa amenunua alibaki nayo, asiyenunua hana tena njia ila CD. Na duka la PlayStation halina Tanzania kwenye orodha ya nchi zake. Watu hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na kadi za kujaza pesa lazima ziwe za nchi ile ile ya akaunti. Hata ukiwa na CD, vitu vya kununua ndani ya gemu vinaweza kukataa kama CD ni ya eneo moja na akaunti ni ya eneo jingine.

Ukienda dukani soma kasha. Liandikwe PS4. CD ya PS5 haifunguki kwenye PS4, ingawa ya PS4 hufunguka kwenye PS5 yenye sehemu ya CD. Ikiwa ni ya mkono wa pili, igeuze uitazame kwenye mwanga, kisha waambie waiweke kwenye mashine mpaka mechi ianze. Na yule anayekuuzia kwa simu jina la kuingilia na nywila, akisema ni gemu ya bei poa, mkatae. Hiyo ni akaunti ya mtu mwingine, mara nyingi imeuzwa kwa watu kadhaa, na mwenyewe akibadili nywila mmebaki na kioo cheusi.

Bei za gemu hizi huporomoka mapema. Mwishoni mwa Novemba maduka ya mtandaoni hupunguza sana, na baada ya sikukuu CD za mkono wa pili huanza kuonekana mjini. Wakati mwingine hufika kabisa kwa wanachama wa PlayStation Plus bila malipo ya ziada: FIFA 22 ilitolewa Mei 2022, FC 24 Mei 2024. Si ahadi ya kila mwaka, usiipangie bajeti.

Wakitaka kuonja kitu kingine kwa sasa, eFootball ya Konami iko bure kwenye PS4 na haidai PlayStation Plus. Inadai intaneti ili ifunguke, na timu za kucheza wawili sebuleni ni chache ukilinganisha na FC. Ila Milan na Inter utazikuta kwa majina yao, ilhali kwenye FC 25 yenu Milan inaitwa Milano FC na Inter inaitwa Lombardia FC.

Mimi ningekuwa wewe, ile laki na themanini ningeiweka kando kwa ajili ya PS5 yenye sehemu ya CD, hata iliyotumika, na gemu mpya ningeinunua siku ile mashine inapoingia nyumbani. CD ya FC 25 itafanya kazi humo pia wakati mnasubiri. Na kama PS4 yenu haijawahi kufunguliwa tangu mlipoinunua, tenga pesa kidogo ikasafishwe vumbi na kubadilishwa pesti ya joto kabla ya likizo ya Desemba, kwa sababu feni ikianza kuunguruma wakati wa mechi, hakuna toleo litakalochezeka vizuri juu yake.