Maswali yenu: Kadi ya Republican inauzwa bei gani?

Rais Lincoln aliyekomesha utumwa alikuwa wa chama cha Republican. Mbona leo watu weusi wengi wa Marekani ni wa chama pinzani, Democrat? (Msomaji, Morogoro)

Republican kilizaliwa 1854 kupinga utumwa usienee kwenye maeneo mapya. Democrat ndicho kilikuwa chama cha mabwana wa Kusini, na kiliishika Kusini kwa karibu karne nzima. Weusi walianza kuhama miaka ya 1930, Rais Franklin Roosevelt wa Democrat alipoleta kazi za serikali wakati wa mdororo wa uchumi.

Mambo yakaiva 1964. Rais Lyndon Johnson, Democrat na mzaliwa wa Texas, alisaini Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi. Mpinzani wake katika uchaguzi wa mwaka huo, Barry Goldwater wa Republican, alikuwa ameipigia sheria hiyo kura ya hapana kwenye Seneti. Novemba Goldwater akaambulia majimbo 6 tu: kwao Arizona na 5 ya Kusini. Mississippi, ambako mtu mweusi kupiga kura ilikuwa shughuli pevu, alizoa asilimia 87! Strom Thurmond, seneta wa South Carolina, alihamia Republican mwaka huohuo, na wapiga kura weupe wa Kusini wakamfuata taratibu, wengine baada ya miaka 20.

Kadi ya chama wanalipia kiasi gani? (Msomaji, Nakuru)

Hakuna kadi ya kulipia. Ukijiandikisha kupiga kura, majimbo mengi hukuuliza chama chako, unajaza fomu, basi. Texas hata hawakuulizi. Wala mwenyekiti wa taifa hana ubavu wa kukata jina la mgombea. Zamani vigogo walijipangia: 1968 mjini Chicago wale wa Democrat walimteua Hubert Humphrey kugombea urais, ingawa hakugombea kura ya maoni (kura ya wananchi ya kuchagua mgombea wa chama) hata moja, huku nje polisi wakiwatwanga waandamanaji virungu. Aibu ile ilileta kanuni mpya, na tangu 1972 kwa kawaida kura za maoni ndizo zinazoamua. Ndiyo maana 2016 Trump alikichukua chama cha Republican huku wakubwa wengi wa chama hicho wakinuna.

Kwa nini vyama viwili tu? (Msomaji, Mombasa)

Vingine vipo, ila hesabu inavimaliza. Karibu kila jimbo, anayeongoza huzoa kura zote za wajumbe wanaomchagua rais. Maine na Nebraska tu ndizo hugawa. Mwaka 1992 mgombea binafsi Ross Perot alipata takriban asilimia 19 ya kura za wananchi. Za wajumbe, sifuri.

George Washington alikuwa chama gani? (Msomaji, Bukoba)

Hakuwa na chama. Alipotoa hotuba ya kuaga urais 1796 alionya juu ya vyama, lakini Jefferson na Hamilton, waliokuwa mawaziri wake, walikuwa wameshagawana wafuasi.