Mwanangu, Kuhusu Hicho Cheo

Mwanangu Salma,

Waalaykum salaam. Umeniuliza ukuu wa wakaguzi una tofauti gani na ukaguzi wenyewe, na kama ukubali kuhamia Wakala wa Chakula na Dawa huku Pemba kuwaongoza wenzio.

Tofauti ni moja, nayo ni nzito. Mkaguzi akishazuia mali, akaandika fomu na kumwachia mwenye duka nakala, yeye kazi kamaliza. Yako ndiyo inaanza. Kabla ya magharibi simu zitalia: mwenye duka, kisha sheha, yule kiongozi wa mtaa, kisha jamaa uliyesoma naye skuli. Wala hawatakuja na bahasha. Watakwambia tu, "Mtazame kidogo, ana watoto." Pemba sote ndugu, na mkuu akishaona muhali mara moja, yule kijana aliyefunga duka atapita vipi tena sokoni Chake Chake? Kesho hatofunga lolote, na mimi sitomlaumu.

Nilipokuwa bwana afya niliona kesi nzuri ikifa kwa kitu kidogo: mkubwa alirekebisha tarehe kwenye fomu ya mkaguzi kwa kalamu yake. Alitaka kusaidia, maskini. Wakili aliinyanyua ile karatasi mbele ya hakimu, ikawa basi. Fomu ikikosa namba ya bechi au saini ya mwenye mali, mrudishe aliyeiandika, usiijaze wewe. Wapeleke wawiliwawili, na mtu asikague shehia ya kwao, hasa Ramadhani ikikaribia, tende na maziwa ya kopo yanapojaa madukani.

Sheria yenu, Nambari 2 ya 2006, ina meno ya kutosha. Jambo likikuzidi, mwandikie Mkurugenzi Mtendaji Unguja. Simu haibaki kwenye faili. Na Taasisi ya Viwango nao wana sheria yao ya 2011, kwa hiyo mfanyabiashara akilalamika kwamba jana kaja mkaguzi mwengine, wa kwao, usimfokee. Kaeni na wenzenu wa Viwango mpange ziara, maana hapo mtu ana haki ya kuchoka.

Kwa hiyo kubali, lakini omba barua ya uteuzi kwanza, inayosema wazi nani anaamuru mali iteketezwe na nani anasaini. Wengi hupewa cheo kwa mdomo.

Ami yako wa duka la jumla keshasikia. Jana kaniuliza utaanza lini. Huyo niachie mimi.

Baba yako,
Wete