Maswali na Majibu: Mji wa Zanzibar na Ushirikiano wa Mazingira ya Bahari

Mkataba wa Nairobi, wa nchi za Magharibi ya Bahari ya Hindi kulinda bahari na pwani zao, unaendeshwa kutoka Nairobi. Kwa nini Mji wetu uitwe kituo cha ushirikiano wa mazingira? (Msomaji, Malindi)

Kwa sababu ya taasisi zilizoweka maskani hapa. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa hapa Zanzibar mwaka 1978, na WIOMSA, jumuiya iliyoanzishwa 1993 kuwakutanisha wanasayansi wa Magharibi ya Bahari ya Hindi na kuwapatia ruzuku za utafiti, ina makao yake papa hapa. Mikutano ya hotelini ya siku tatu, ambayo hatuna uhaba nayo, isingetosha kuupa Mji sifa hiyo.

Mazingira si jambo la Muungano. Je, Zanzibar inaweza kusaini mikataba peke yake? (Msomaji, Chake Chake)

Haiwezi, kwani mambo ya nje ni ya Muungano. Utekelezaji visiwani, hata hivyo, ni kazi ya taasisi za Zanzibar, ikiwemo Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA) iliyoundwa kwa Sheria ya 2015.

Mkulima wa mwani anafaidika nini? (Msomaji, Paje)

Hadi sasa, kwa maoni yangu, kidogo kuliko anavyostahili. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Kotonii, aina yenye bei nzuri, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto, na wakulima wengi wamebakia na spinosamu ya bei ndogo. Kuihamishia kotonii kwenye kina kirefu kunahitaji chombo na ujuzi wa kuogelea, mambo ambayo wanawake wengi hawakuwezeshwa kuyapata. Joto la bahari halizuiliki na kisiwa kimoja. Lakini mbegu inayolistahimili, na mbinu zilizokwisha kujaribiwa na majirani, zinaweza kutufikia, mradi watafiti wawasilishe matokeo yao kwa Kiswahili kwa wakulima wenyewe.

Mafuta yakimwagika Dar es Salaam, yatatufikia? (Msomaji, Mkokotoni)

Yanaweza kutufikia, kwani mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na msimu wa kusi huuongezea kasi, kiasi kwamba hata Pemba na Kenya haziko salama. Itifaki ya dharura za uchafuzi ya mwaka 1985, iliyo chini ya Mkataba wa Nairobi, inazitaka nchi zisaidiane. Msaada huo una manufaa zaidi katika saa za mwanzo, kwa hiyo maboya ya kuzuia mafuta na watu waliofunzwa kuyatumia wanapaswa kuwepo bandarini kabla ya ajali.