Mke wangu amekataa kucheza nasi kwa sababu ya pointi

Salamu Shangazi. Nina miaka 34, naishi Migosi hapa Kisumu na mke wangu na mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu. Kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana marafiki zangu wanne huja nyumbani tukacheza Dungeons & Dragons. Mimi ndiye kiongozi wa mchezo: nasimulia hadithi, wao wanaigiza wahusika wao na kurusha dadu, na jioni nagawa pointi za uzoefu, ambazo zikifika kiasi fulani humpandisha mhusika ngazi na kumwongezea uwezo. Mke wangu anacheza mganga. Shida ni kwamba huinuka mezani mara kwa mara, na sheria ni kuwa asiyekuwepo kwenye pigano hapati pointi. Wenzake sasa wako ngazi ya 5, yeye bado ya 2. Siku moja alimbembeleza troli, zimwi la darajani, akatuachia njia. Sikutoa pointi kwa kuwa hakuna aliyepigana. Juzi Simba Mkali, mpiganaji wa rafiki yangu, akafa. Mganga hakuwa na uwezo wa kumwinua, tukalaumiana mpaka samaki wakapoa mezani. Tangu siku hiyo mke wangu hachezi. Ananiambia, "Hata huku sionekani." Dada yake naye ananiita mchoyo. Mimi natenda haki kwa wote. Nifanyeje akubali kwamba mchezo ni mchezo?
Kiongozi, Migosi

Mwanangu, pole kwa Jumamosi zilizoharibika. Kukesha ukiwatungia wenzako hadithi ni kazi ya mtu mwenye moyo, na naona unaipenda. Pole hiyo inatosha. Mkeo ana haki, shemeji yako ana haki, wewe ndiye uliyekosea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mkeo "huinuka mezani mara kwa mara" bila kusema anainukia nini. Halafu mistari michache chini, samaki wanapoa mezani. Nani aliwaparua magamba? Nani alisimama kwenye jiko? Na huyo mtoto, tangu saa nane hadi giza, nani alimbadilisha nepi na kumlaza? Wageni wako wanne hawakuinuka kwa sababu mkeo aliinuka kwa niaba yao. Kila pointi waliyopata yeye akiwa jikoni, ni jasho lake pia.

Nenda ufuoni Dunga alfajiri ukawatazame wavuvi wakirudi. Huenda mmoja wao hakuvuta nyavu usiku kucha, kazi yake ilikuwa kukumba maji yanayopenya kwenye mbao. Jaribu kuwaambia wenzake kwamba huyo hana fungu kwa kuwa hakushika samaki. Watakushangaa, maana bila kopo lake wote wangekuwa chini ya ziwa.

Najua utasema Shangazi haelewi mchezo. Mpwa wangu anayesoma Nakuru anaucheza, na nilimketisha jioni nzima, kitabu kikiwa mapajani. Mchezo huo ulitoka Marekani mwaka wa 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na kwa sheria za zamani hata dhahabu waliyofanikiwa kuitoa pangoni ilihesabiwa kuwa pointi, sarafu moja pointi moja. Nikamwambia mpwa wangu, basi pointi ndizo zinazosema meza hii inathamini nini. Meza ya zamani ilithamini kurudi nyumbani na mali. Yako inathamini kuua, na kutobanduka kwenye kiti.

Unajificha nyuma ya sheria, nami nimezisoma. Katika kitabu cha kiongozi cha 2014, ni kweli kwamba kwa kawaida mhusika hupata pointi za mapambano aliyoshiriki. Lakini papo hapo kitabu kinakuruhusu kumpa asiyekuwepo pointi sawa na wenzake ili kundi lipande pamoja, na kinasema ni wachache watakaojinyima raha ya mchezo makusudi kwa kujua tu kwamba pointi watapewa. Na huyo troli? Kikwazo kilichoondolewa bila pigano, kitabu kinakuachia wewe uamue kama kina pointi. Troli akishindwa ana pointi 1,800, yaani 360 kwa kila mmoja wa wachezaji watano. Ngazi ya 2 yenyewe inaanzia pointi 300. Mkeo aliwavusha wote kwa ulimi wake, hakuna aliyetoka damu, nawe ukaamua kwamba hakuna kilichofanyika. Mara zote mbili si sheria iliyomnyima. Ni wewe.

Tena umejidhuru mwenyewe. Ngazi ya 5 inaanzia pointi 6,500, na mtu wa ngazi ya 2 hajafika 900. Kitabu kinasema pengo la ngazi mbili tatu haliharibu mchezo, lakini pengo lenu limemwangukia mganga. Mganga akifika ngazi ya 5 hupata uwezo wa kumrudisha mtu aliyekufa ndani ya dakika moja iliyopita, mradi kuwe na almasi za thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Simba Mkali alikosa wa kumwinua kwa sababu mganga wenu alizuiwa kukua, na aliyemzuia ni wewe. Halafu unaandika "tukalaumiana". Hiyo siiamini. Watu wakilaumiana huondoka wote wamenuna, na hapa aliyeondoka ni mmoja. Mlimlaumu yeye.

Nirudi kwa maneno yake matatu: "Hata huku sionekani." Wewe ulisikia "sionekani" ukaenda kuhesabu pointi. Mimi nimesikia "hata". Mtu hasemi hata huku kama hakuna kwingine. Kuna mahali anafanya kazi bila jicho la mtu, na anajua kwamba wewe unapajua. Alikuja mezani atafute saa chache za kuwa mtu mwingine, mwenye nguvu za kuponya, akakuta huko nako ni kuhudumia bila shukrani.

Barua za namna hii nazipata nyingi, hata kutoka kwa watu wasiojua dadu ni nini. Wanandoa wa siku hizi mmekuwa makarani. Kodi imeandikwa, stima imeandikwa, pesa zilizotumwa kwa mama mzazi ziko kwenye M-Pesa na tarehe yake. Kuamka saa tisa usiku mtoto akiwa na homa hakuna ujumbe unaoingia kwenye simu, basi mnahesabu kwamba hakukufanyika kitu. Usinijibu kwamba zamani ilikuwa afadhali. Mama zetu nao hawakuhesabiwa, ila walizungukwa na mawifi, majirani na wake wenza wa kushuhudia walivyochoka. Mkeo yuko kwenye nyumba ya kupanga Migosi na shahidi wake ni wewe peke yako. Hata vyama vya akina mama, ambavyo faini ya kuchelewa havisamehi, mwenzao akijifungua hawamfuti kwenye daftari. Wanamwendea nyumbani na sukari na unga. Wewe una mtoto mdogo ndani na bado unatoza faini.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mkeo amecheza kwao kabisa, sebuleni kwake, na mumewe ndiye aliyekataa kumtunza.

Usimnunulie leso. Usimpelekee pointi chumbani kimyakimya pia, kwa sababu kosa ulilifanya mbele ya watu. Jumamosi hii waambie rafiki zako, naye akisikia, kwamba ulikosea juu ya troli na ulikosea juu ya jikoni. Mpandishe mganga awe sawa na wenzake, kisha acha kabisa kuhesabu: hadithi ikifika mahali pakubwa, wote wapande ngazi pamoja. Mchezo wenyewe unaruhusu. Mtoto akilia, mchezo usimame na mtu ainuke kwa zamu, wewe ukiwa wa kwanza. Chakula wageni wachange, na samaki wa kukaanga Kisumu hii mtanunua bila kwenda mbali.

Inawezekana asitake kurudi mezani. Basi asirudi, na mchezo wako uhamie kwa mmoja wa hao wanne, Jumamosi moja wewe ukacheze, Jumamosi inayofuata mkeo atoke aende anakotaka nawe ubaki na mtoto tangu saa nane hadi giza.

Jambo moja la mwisho. Mpiganaji wa rafiki yako umenitajia kwa jina lake. Mganga wa mkeo, katika barua nzima, hukumtaja. Kama umelisahau jina hilo, anzia hapo leo jioni: muulize.