Kwa kijana wa Malindi anayekwenda Trentino, milimani kaskazini mwa Italia, Februari: nyayo si ruhusa

Kijana, kabla hujanunua koti, soma hapa.

Umeuliza koti la bei gani na bima, halafu ukataja juujuu tu kwamba bosi wako Mwitaliano atakutembeza milimani nje ya njia za hoteli, na kwamba hakuna hatari kwa sababu "watu wamepita, nyayo zipo". Maneno hayohayo niliambiwa na jamaa aliyetukodisha chaspole, vile viatu vipana vya kukanyagia theluji. Alihesabu pesa, akachungulia dirishani, akasema nyayo zipo. Taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji ya siku ile ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma yake, kiwango cha 3, na hakutuonyesha. Nikimkumbuka damu inanichemka.

Hicho cha 3 ndicho kinachoua. Viwango vya hatari ni 1 hadi 5, basi mtu huona 3 ni katikati tu. Sivyo. Siku ya kiwango cha 3, uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuangusha mteremko mzima. Siku za kiwango cha 5 ni chache, na watu hukaa ndani.

Nyayo tulizofuata zilikuwa za jana yake, na usiku upepo ulivuma. Wewe unaijua michanga ya Mambrui: upepo unakwangua upande huu, unarundika upande wa pili. Theluji ni vivyo hivyo, ila lile rundo hushikana likawa kama ubao. Chini ya ubao wetu kulikuwa na punje kavu za theluji zisizoshikana, mfano wa chumvi ya Gongoni. Katikati ya mteremko nyayo zilipotea kama hatua ishirini, zikaonekana tena ng'ambo. Pale palipopotea ndipo upepo ulipomwaga mzigo wake. Tuliona, tukapita.

Mume wa dada yangu alitangulia. Nilisikia mlio mzito chini ya miguu, kama gunia la mchele limedondoshwa chumba cha pili. Ufa ukakimbia juu yake, mteremko ukaondoka naye. Ulipotulia kilichoonekana ni glavu moja. Tulichimba kwa mikono na kwa chaspole, na theluji ikishaporomoka hukaza kama saruji. Aliyefukiwa ana dakika 10 hadi 15 za matumaini, helikopta bado haijafika. Bila ile glavu tungemzika. Yu hai, paja lilivunjika, na hadi leo hapandi ngazi bila kushika ukuta.

Na asije mtu hapa kuuliza Mswahili alifuata nini kwenye theluji. Waliozaliwa chini ya milima hiyo nao hufukiwa, na mara nyingi poromoko wameliamsha wenyewe.

Shika hili moja: usitazame nyayo, tazama mteremko. Siku ya kiwango cha 3, palipo na mteremko wa digrii 30 au zaidi hupiti juu yake, wala chini yake, maana waweza kuliamsha poromoko ukiwa bondeni. Pembe isome kwenye ramani kabla hujatoka. Taarifa ya maporomoko ya Trentino hutoka saa 11 jioni, ya kesho yake.

Mpigie bosi wako leo. Muulize njia inapita chini ya mteremko gani, na kama kila mmoja atakuwa na kifaa cha redio cha kutafutia waliofukiwa, beleshi na fimbo ndefu ya kuchomea theluji. Tangu 2022 sheria ya Italia inavidai penye hatari hiyo. Akianza tena habari za nyayo, mwambie utamsubiri hotelini.