Mwanangu, umeniuliza habari ya msonge

Marangu, Jumapili baada ya ibada

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unauliza wakwe zako watarajiwa wakipanda kutoka Tanga Krismasi hii, muwapeleke kula kwenye ule msonge, nyumba yetu ya kale ya Kichaga, uliokarabatiwa kule juu, njia ya lango la mlima, au mama yako apike hapa nyumbani. Na unataka kujua kama chakula cha kule ni cha kweli au ni cha kuwaonyesha wazungu.

Nilikwenda mwezi uliopita. Mama yako anajua nilialikwa; ukweli ni kwamba nililipa, na yaishie hapo. Wamefanya kazi nzuri, nisiwe mchoyo. Majani yameezekwa mpaka yanagusa chini, mlangoni unainama upende usipende, mafiga matatu yako mahali pake. Kasoro moja tu: hakuna ng'ombe. Upande wa ng'ombe wameweka mabenchi yenye mito ya kitenge. Sisi tulilala saba mle ndani, na ng'ombe wawili na mbuzi, na pumzi zao ndizo zilizokuwa blanketi letu. Msonge usio na ng'ombe ni kofia kubwa.

Lakini hebu nijijibu mwenyewe. Nani leo atakula huku ng'ombe anakojoa nyuma ya mgongo wake? Baba mkwe wako? Na nani aliyeubomoa msonge wa babu yako akapandisha bati? Ni mimi. Mabati 24, niliyahesabu yakishushwa kwenye gari, nikajiona mtu wa maana kuliko wote njia nzima. Bibi yako alikaa wiki nzima analalamika kwamba mvua sasa inampigia kelele kichwani. Kwa hiyo habari ya ukarabati sina haki ya kuisemea sana. Kijana wa watu ameyasimamisha yale niliyoyaangusha.

Tuje kwenye chakula. Walileta kiburu, walileta machalari, na bakuli la mtori. Kiburu kimeiva, maharage yamejipondea ndani ya ndizi kama inavyotakiwa. Machalari ni ndizi mshare kweli, si zile za kununua sokoni bila kujua zimetoka shamba gani, na nyama haikuwa ya kutafuta kwa tochi. Mtori ulikuwa sawa. Nilikunywa vijiko vinne nikaweka kijiko chini. Kijana akaniuliza, "Shikamoo mzee, kuna tatizo?" Nikamwambia tatizo ni kwamba hakuna baridi. Akacheka, akadhani namtania. Wewe unajua simtanii. Tangu mko wadogo nawaambia, mtori bila baridi ni uji wa ndizi. Ndiyo maana ule unaopika huko Tabata, Dar es Salaam, na feni linazunguka, unaniandikia kila siku kwamba "haujatoka kama wa Bibi". Hautatoka.

Mtori ulionikaa moyoni niliupika mwenyewe Horombo, kule kwenye vibanda vya wapandaji mlimani Kilimanjaro, Februari 1988. Sijawahi kuwahadithia wote. Kaka yako anajua nusu.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kubeba mizigo, nimepanda cheo, ni mpishi. Vibanda ni vilevile unavyovijua kwenye picha, vya mbao, paa la pembetatu, vilivyojengwa kwa msaada wa Wanorwei. Babu yako, aliyebeba mizigo enzi za Mwingereza, hakuwahi kutamka "Horombo" mpaka anakufa. Alisema "Petasi". Kibanda cha kwanza pale kilikuwa na jina la Carl Peters, yule Mjerumani aliyeitwa Mkono wa Damu, na baada ya uhuru ndipo mahali pakapewa jina la Mangi Horombo, chifu wa Keni. Mandara, vibanda vya chini yake, nayo ilikuwa Bismarck. Majina yalibadilika, ila chakula cha wageni hakikubadilika. Supu ya pakiti, kuku wa kukaanga, viazi, mkate, nanasi la kopo. Sisi wagumu, yaani wapagazi na mpishi wao, tulikula ugali na dagaa upande wetu. Na kuna sababu, usidhani ni dharau tu. Horombo ni mita 3,720. Maji yanachemka upesi lakini hayaivishi. Maharage utayachemsha mpaka mafuta ya taa yaishe na bado yatagonga meno. Kiburu huwezi. Ila mtori unawezekana, ukiwa na subira.

Safari ile bibi yako alinifungia ndizi. Alizikata nyuma ya zizi, mshare changa, akazifunga kwenye majani makavu ya mgomba, akaongeza mfupa wa ng'ombe uliokaushwa juu ya moshi. Akasema, "Wape na wageni waonje." Nikaitikia ndiyo, Mama.

Jioni ya pili upepo ulikuwa unakata masikio. Nikazimenya, mikono nimeipaka mafuta ili utomvu usigande, nikaziweka na ule mfupa, nikaacha zichemke taratibu huku natengeneza supu ya wageni. Zilipolainika nikaziponda kwa mwiko, nikarudisha mchuzi kidogo kidogo. Wagumu wakaanza kusogea mmoja mmoja. Hakuna aliyeitwa.

Nyuma yao akaingia mgeni. Mzee wa Kiaustria, mrefu, ndevu zimeganda. Alikuwa ameacha sahani yake mezani akafuata harufu. Akaonyesha sufuria kwa kidole, akauliza hiki ni nini.

Sasa hapa ndipo ninapokwama kila nikikumbuka. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha. Ningeweza kusema ni chakula cha kwetu, mama yangu amekituma. Badala yake nikamwambia, "Ni cha wagonjwa. Ni cha wapagazi. Samahani." Nikaomba samahani, mwanangu! Kwa ajili ya mtori!

Yule mzee hakusikiliza. Akachukua bakuli la mtu, akakaa juu ya debe katikati ya wagumu, akala. Akaongezewa. Akafuta bakuli kwa kipande cha mkate mpaka likang'aa. Akatuambia kwamba kwao, kwenye vibanda vya milima ya Alps, ukipanda unalishwa kile kinachotoka pale pale, jibini la ng'ombe wanaolisha chini ya kibanda, supu ya shayiri, na kwamba hakuelewa kwa nini amepanda mlima wa Afrika siku mbili kuja kulishwa supu ya pakiti aliyoiacha dukani kwao.

Tuliposhuka, kampuni iliyoniajiri ikanikata posho ya siku mbili. Kosa: kumlisha mgeni chakula cha wapagazi. Hilo halikuniuma sana, wakati ule tulizoea. Kilichoniuma kilikuwa nyumbani. Bibi yako alikuwa anapalilia migomba, hata jembe hakuweka chini, akauliza, "Wageni walikula?"

Nikamwambia hatukupata nafasi.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka yote hii. Ningesema alikula, angeuliza alisemaje, na mimi ningesema nini, kwamba nilikiita cha wagonjwa? Au labda nilikuwa nimechoka tu. Mama yako anasema nazidisha, kwamba Bibi hata asingejali. Huenda. Lakini Bibi alikufa 1997 akiamini ndizi zake zilioza mlimani, na yule mzee alikula mabakuli mawili.

Basi unaona kwa nini mtori wa kule msonge ulinishinda. Si upishi wao. Kijana amesimama katikati ya chumba, anawaambia wageni kwa sauti, "Huu ni mtori, ni chakula chetu, mama zetu hupewa wakijifungua." Hana haya hata kidogo. Bei ni elfu kumi na tano kwa kichwa, na watu wanalipa. Nilimwonea wivu. Nikataka kumkosoa, nikatafuta kasoro, nikapata baridi. Na ng'ombe. Hata hivyo kuhusu baridi nina haki: mtori bila baridi ni uji wa ndizi, na Desemba Marangu jua linawaka mpaka saa kumi na moja. Mkienda, nendeni jioni.

Sijasema mwende. Sijasema msiende pia. Uamuzi ni wako na huyo kijana wako, mimi sitaingilia, ingawa nikiulizwa kwa nguvu ningesema mtu mzima akija ukweni mara ya kwanza anataka kuona jiko la watu anaooza kwao, si jiko lenye risiti. Lakini mama yako ana magoti, na watu tisa ni wengi. Na pale msonge wangeona jinsi tulivyoishi, jambo ambalo hapa kwangu hawawezi kuliona kwa sababu mimi, kama nilivyokwambia, nina bati. Haya, amua.

Kwa vyovyote vile, kisusio usikitaje mbele yao kabisa. Wao ni Waislamu, na damu ya mbuzi kwenye supu haielezeki mezani. Mbege nayo, pombe yetu ya ndizi, mjomba wako aizuie mwenyewe kule nyuma.

Mshare wa nyuma ya zizi, ule uliotokana na wa Bibi, umezaa na mkungu umeinama. Nitaukata tarehe 22 uwe tayari. Waambie waje na masweta, tutakula alfajiri, nje, kabla jua halijatoka. Mfupa nimeshautundika kwenye moshi, juu ya jiko la kuni la mama yako, na paka wa jirani ameshauona.

Baba yako