Jibu: Mwanangu wa darasa la sita analia akiona hesabu

Dada wa Ngamiani, nimekuelewa: usiku anakariri kanuni, asubuhi zimeyeyuka. Wangu alikuwa hivyohivyo. Kanuni ziweke kando wiki moja. Okoteni vizibo vya soda. Aweke 1, kisha aongeze 3, pande mbili na kona: mraba wa 4. Aongeze 5, apate 9. Halafu 7, vifike 16. Usimwambie kwa nini namba witiri zinajenga miraba, mwache aone mwenyewe (wangu alipiga ukelele hadi majirani wakatoka!). Tuisheni ya fimbo sikushauri hata kidogo, inapanda woga tu. Ila kama anakosea hata kunakili namba za ubaoni, mpeleke hospitali ya Bombo, hapo Tanga, akapimwe macho kwanza, na mwalimu wake umweleze.